Jiko la Kuchemshia Bia na Mahali pa Kuliweka

Vijana wangu wa Kilifi, mmeniandikia mkiniuliza jiko gani la gesi linamfaa mtu anayetaka kujipikia bia nyumbani, ya kunywa yeye na rafiki zake. Mmesema mtandaoni kila jiko linasifiwa na hamjui mshike lipi. Mmesema pia kwamba mlipewa jina langu na mtu tuliyefanya naye kazi hotelini, akawaambia, "Muulizeni Mzee Kahindi, yule aliyekuwa akizungumza na jiko." Huyo namjua, na salamu zake zimefika. Ni kweli nilizungumza na jiko. Siku hizi nazungumza nalo zaidi, maana hapa nyumbani Kakuyuni naishi peke yangu.

Nitawajibu, ila kwa mwendo wangu. Mwenye haraka na aende akasome mtandao.

Kwa wasionijua, nilifanya kazi katika hoteli moja karibu na Watamu iliyokuwa ikipika bia yake yenyewe kwa ajili ya wageni. Kimea cha shayiri kiliroweshwa kwenye maji ya moto, kikachujwa, na yale maji matamu yakaletwa kwangu niyachemshe pamoja na maua machungu ya hopsi. Baada ya hapo yalipozwa, yakatiwa hamira na kuachwa yachachuke. Kupoza na hamira vilikuwa na wenyewe. Mimi nilikuwa mtu wa sufuria na moto hadi siku nilipostaafu.

Basi anzeni kwa kuachana na meko. Najua kila mmoja wenu anayo, ule mtungi mdogo wenye jiko kichwani, na mmeshajiambia kwamba kinachochemsha chai kitachemsha na bia. Sufuria ya bia ikijaa ni mzigo. Itakaa pale juu ikiyumba, na joto litarudi chini kwenye mtungi wenyewe. Mimi nimeshazika watu wa kutosha, sitaki kuongeza vijana. Tafuteni jiko la kukaa chini kwa miguu yake, mbali na mtungi, miguu mifupi iliyotanuka, chuma kizito. Mkiwa dukani lisukumeni kwa goti. Muuzaji akikasirika, mwambieni ni Mzee Kahindi aliyewatuma.

Aliyenifundisha moto hakuwahi kuonja bia maishani mwake. Alikuwa Fundi Athumani wa Shela, Malindi, aliyewatengenezea majiko wapishi wa pilau za harusi. Wakati huo bia yetu ilikuwa na ladha ya kuungua na hakuna aliyejua sababu. Meneja akamwita. Nilidhani atageuka akijua tunapika nini, lakini alisimama mlangoni, akavua kofia na kunusa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mwapika nini humu?"

"Bia, fundi."

"Sikuuliza ya kunywa, hayo ni yenu. Nauliza ya motoni. Ni maji au ni sukari?"

Nikamwambia ni maji yenye sukari ya nafaka.

"Basi ndiyo maana yaungua. Moto wenu huu ni wa maji. Umekusanyika pahala pamoja. Sukari yataka moto uliotandazwa."

Alinifanya niimwage sufuria na kuipindua. Katikati palikuwa na duara jeusi, ukoko mtupu, kama wa wali uliosahaulika. Akatutafutia kichwa kingine cha jiko chenye vitundu vidogo vingi vilivyopangwa kwa mizunguko, mmoja ndani ya mwingine, na ladha ile ikaisha. Kwa hiyo mnapochagua, angalieni kichwa. Yale majiko yenye tundu moja kubwa katikati yana nguvu na yananguruma vizuri, na vijana huyapenda kwa sababu ya kunguruma. Yatawachemshia haraka na kuwaunguzia haraka vilevile. Halafu fungueni gesi hadi mwisho, kisha muishushe polepole mpaka moto uwe wa kuivisha tui bila kulikata. Moto ukizimika kabla ya kufika hapo, lirudisheni jiko kwa mwenyewe.

Fundi Athumani alikuja mara nyingi baada ya siku ile, na kila mara alikaa upande usiofikiwa na mvuke, juu ya kreti, akisikiliza. Hakuangalia moto hata kidogo. Nikiwa nakata maua ya hopsi huku nyuma, nilikuwa nikisikia, "Kahindi, sufuria yako yataka kupanda," na kweli, nikigeuka, povu limefika ukingoni. Bia ikianza kuchemka hupandisha povu mara moja na kumwagika, ikazima moto na gesi ikaendelea kutoka. Kaeni karibu na ufunguo wa gesi dakika zile. Msiende kupiga picha.

Kuna mwaka hoteli ilifungwa kipindi cha masika, wageni wakiwa hakuna. Tuliporudi niliwasha jiko, moto ukatoka wa manjano, mrefu, ukailamba sufuria na kuipaka masizi. Nilibadilisha mtungi. Nilibadilisha mpira. Nilimpigia simu muuza gesi nikamtolea maneno ambayo sitayaandika hapa. Fundi alipofika alichomoa lile bomba linalochanganya gesi na hewa, akalipuliza kwa mdomo, akatoka buibui na nyumba yake yote.

"Umemtukana muuza gesi wa watu," akasema, "na kumbe una mpangaji."

Akamweka yule buibui juu ya ukuta, taratibu, kisha akaniagiza nimpigie tena muuza gesi. Nilimpigia. Buibui wanaipenda harufu ya gesi, na nyigu wa udongo nao hupenda mashimo, kwa hiyo jiko lisilotumika lizibwe mdomo kwa kitambaa. Na ninyi mlio karibu na bahari zaidi yangu, mkimaliza kupika lipanguseni jiko kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Hewa ya chumvi inakula chuma bila kubisha hodi.

Siku nyingine moto ulishuka wenyewe katikati ya kuchemsha. Nikadhani gesi imekwisha. Lakini mtungi ulikuwa mzito, umetoa jasho, na chini umevaa weupe wa barafu. Nilikuwa nimeunganisha mtungi mdogo na jiko kubwa, na gesi ikivutwa kwa pupa namna ile, mtungi huganda.

"Wamkamua mbuzi ukitaka maziwa ya ng'ombe," fundi akasema. Akaniambia niuweke ndani ya beseni la maji ya kawaida, si ya moto, na hata nikichanganyikiwa vipi nisiusogezee moto. Basi nunueni mtungi mkubwa. Na kila mkiunganisha, pakeni povu la sabuni kwenye viungo vyote. Likitoa mapovu, gesi inavuja, fungeni na muanze upya. Sina haja ya kuwaambia msichemshe chini ya makuti, lakini nitawaambia, kwa kuwa nimeona paa la banda la hoteli likishika moto huku mpishi amesimama chini yake akieleza wageni namna ya kupika samaki.

Fundi Athumani amefariki. Nilikwenda maziko yake Malindi nikasimama nyuma, mbali kidogo, kwa kuwa sikujua mahali pa kusimama. Sikuwa jamaa, sikuwa wa dini yake, na watu wawili watatu waliniangalia wakijiuliza nimetokea wapi. Nilitaka kuwaambia kwamba mtu huyu alinifundisha kusikia.

Sasa nije kwenye upepo, maana hapa ndipo jibu lenu lilipo, na hapa ndipo nilipokosea mimi.

Nilipostaafu, meneja aliniuliza nataka zawadi gani ya kumbukumbu. Wenzangu walichukua friji na magodoro. Mimi niliomba jiko kubwa, lile lile lenye kichwa cha Fundi Athumani. Mke wangu Sidi alicheka hadi akaketi chini. "Wenzako wamewaletea wake zao friji, wewe umeniletea kelele," akasema. Lakini tulilitumia. Mara moja moja nilipika sufuria ya bia mbele ya nyumba, na Sidi akikaa kizingitini alimwita kila apitaye njiani. Huyu ataulizwa habari za mguu, yule atatumwa amkaribishe mumewe, na jioni uwanja umejaa. Nilidhani watu wanakuja kwa ajili ya bia yangu. Sidi alipofariki niligundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa na watu, mimi nilikuwa na jiko tu.

Baada ya matanga yake uwanja ulinyamaza. Watoto walirudi kwenye kazi zao, Karisa Nairobi na dadake Doha. Ulipoanza upepo wa kusi, moto ulikuwa ukipeperushwa huku na huku, nusu ya gesi inapotea bure. Kitabu chochote cha kupika bia kitawaambia mlitoe jiko kwenye upepo. Nililihamishia nyuma ya nyumba, kwenye kona ya ukuta na migomba. Moto ukatulia vizuri. Nilipika kule miezi kadhaa na nilijisifu kwa werevu wangu.

Sasa jiwekeni mahali pa jirani. Mzee mwenye mvi, anaishi peke yake, amefiwa na mke. Nyuma ya nyumba yake kunanguruma kitu ambacho hukioni. Hakuna moshi, na huku kwetu moto una moshi. Ukichungulia kati ya migomba unaona mwale wa rangi ya buluu chini ya sufuria kubwa, na mzee anatia majani humo huku akizungumza na jiko.

Mimi sikuliona hilo. Niliona tu kwamba watoto wa jirani yangu, Mama Mbodze, wameacha kupita uwanjani kwangu wakienda shule, wanazunguka kwa shamba la mihogo. Mama Mbodze mwenyewe, aliyekuwa akija kwa Sidi kuomba chumvi na kukaa hadi jua linazama, alinijibu salamu akiangalia pembeni. Mtoto wake Mbodze alikuwa ameugua degedege. Mbuzi wa mtu fulani alikuwa amekufa. Mimi nilikuwa nachemsha.

Karisa ndiye aliyenieleza, kwa simu.

"Baba, watu wa huko nyumbani wanasema unapika dawa nyuma ya nyumba."

"Napika bia."

"Najua. Lakini nisikilize. Paka nywele rangi nyeusi."

"Hizi mvi nimezifanyia kazi, Karisa."

"Baba, sicheki. Ama upake, ama nije nikuchukue uje Nairobi."

Mnaotoka huku mnajua kwa nini hakucheka. Wazee wametupwa nje ya nyumba zao kwa maneno madogo kuliko hayo, na wengine wameuawa kwa kuitwa wachawi, na kosa lao ni mvi. Niliogopa. Nilianza kufunga mlango kwa komeo jua likiwa bado liko juu. Kilichoniuma zaidi hata ya hofu ni kwamba nilikuwa nimekaa na watu hawa umri wangu wote, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza, "Mzee, kwani huko nyuma wafanya nini?"

Nililirudisha jiko mbele, kando ya njia kabisa. Kwa ajili ya upepo nilitengeneza kizuizi cha mabati, pande tatu, nikaacha nafasi ya kutosha chini ili moto upate hewa, na upande ulio wazi ndiko mpira wa gesi ulikopita ili usiungue. Andikeni hilo, litawafaa. Kisha asubuhi ya Jumamosi, watu wakienda sokoni, nikapika. Kila aliyepita nilimsalimu na kumwonyesha kimea, nikamwonyesha na maua. Nilisema bia itakuwa tayari siku fulani, karibuni nyote. Walisema asante huku wakitembea.

Siku niliyowaalika ilipofika, nilipanga viti na vikombe. Nilivaa shati aliloninunulia Sidi. Aliyekuja ni mbuzi wa Mama Mbodze, akala ua moja la hopsi lililokuwa limeanguka, akalitema na kwenda zake. Nilikaa hadi jioni. Nilikunywa kikombe kimoja, bia ilikuwa nzuri, pengine nzuri kuliko zote nilizopika, na nililia. Nawaambieni bila haya. Kisha nikampigia Karisa nikamwambia aje anichukue. Akasema atakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Mmeniuliza mnunue jiko la ukubwa gani. Mtandao utawaambia mpime kwa sufuria yenu ya bia. Mimi nawaambia nunueni kubwa kuliko bia yenu, linaloweza kubeba sufuria ya harusi, na sababu yake ni hii.

Wiki ile ile niliyokuwa nikifunga vitu vyangu, masika yalianza kwa hasira. Mvua haikukatika. Mama mkwe wa Mama Mbodze, bibi kizee sana, akafariki. Nilisikia vilio upande wa pili wa mihogo na sikujua kama niende au nisiende. Mzee anayesemwa vibaya akienda msibani watasema amekuja kutazama kazi yake, na asipokwenda watasema anajificha. Nilikaa kitandani karibu na begi langu.

Asubuhi ya pili mlango uligongwa. Alikuwa Mama Mbodze, amejifunika gunia kichwani, maji yanamtiririka usoni.

"Baba Karisa, kuni zimelowa zote," akasema. "Watu wamejaa, wengine wametoka Rabai tangu jana, hawajatia kitu tumboni. Tumejaribu hata kuvunja kitanda. Moto haushiki."

Alijipangusa maji usoni.

"Lile jiko lako," akasema. "Laweza maharagwe ya watu wote hao?"

"Laweza."

"Basi njoo nalo. Sisi twaliogopa."

Tulilibeba kwa toroli, yeye ameshika mtungi usiviringike. Wanaume walikuwa wamesimamisha paa la mabati juu ya nguzo, pande zote wazi, na nikaridhika napo. Nilipaka povu la sabuni kwenye viungo nikaona hakuna kinachovuja. Nilipowasha, wanawake walirudi nyuma pamoja kama waliovutwa kwa kamba. Niliwaambia wapange sufuria na walete maji, nami nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na ufunguo wa gesi. Hakuna aliyekaa karibu nami. Wazee wenzangu walikuwa ng'ambo ya uwanja chini ya turubai, wananitazama. Maharagwe yalichemka asubuhi nzima, nikashusha moto yasiungue, nikageuza, nikaongeza maji. Walitia chumvi na nazi wenyewe, wakinyoosha mikono kutoka mbali.

Yalipoiva, hakuna aliyeleta sahani. Kwetu mwenye chakula huonja kwanza mbele ya wageni, waone kwa macho yao kwamba hakina kitu. Lakini siku ile haikujulikana mwenye chakula ni nani. Maharagwe yalikuwa yao, moto ulikuwa wangu. Watu waliofika kutoka mbali walishapata habari zangu, niliona wakinong'onezana. Nikajua itabidi nionje mimi, mbele ya uwanja mzima, kama mtu aliye kizimbani, na hata nikionja huenda wasile. Nikanyoosha mkono kuchukua upawa.

Mama Mbodze aliuwahi. Aliuzamisha sufuriani, akapuliza mara moja na kula, moto moto, hadi machozi yakamtoka. Akatafuna huku kila mtu anamwangalia.

"Chumvi haijakolea," akasema. Akaongeza chumvi, akakoroga, akapakua sahani ya kwanza na kumwita Mbodze aje ale.

Ndipo watu wakaja na sahani zao. Walipopungua, Mama Mbodze alichukua sahani yake, akapindua ndoo nyingine na kukaa upande wangu, mgongo wake kwa mvua. Nilikuwa nimeinjika sufuria ya pili na jiko lilikuwa likinguruma. Alisema kitu, sikukisikia. Nikapunguza moto.

"Nasema, na kesho utakuja?" akauliza. "Watu bado wapo."

Nikamwambia nitakuja mapema, kabla ya chai. Kisha nikampigia simu Karisa nikamwambia asihangaike kuja Jumapili.